Kuazima Maneno ya Mtunzi Mwingine

Kila muhula sanduku la gazeti letu linapofunguliwa, hutoka humo mashairi, hadithi, nyimbo na mafumbo. Mengi hupigwa chapa. Machache hurudishwa kwa wenyewe pamoja na barua fupi, na wenyewe hawakawii kuja kuniona. Muhula huu walinijia watatu. Wa kwanza aliuliza, "Mwalimu, jina la mtunzi nimeliandika hapa chini kwa wino mwekundu, nimeiba nini?" Wa pili alisema kwamba shairi alilikuta kwenye intaneti, halina mwenyewe. Wa tatu, mwanachama wa chama cha michezo ya kuigiza, alitaka kujua kama akichukua riwaya anayoipenda, akabadili majina ya watu na ya mji, mchezo utakaotoka utakuwa wake. Nimeona si vema majibu yaishie mlangoni pa ofisi ya walimu. Sheria hii ya hakimiliki yamgusa kila mwanafunzi anayeshika kalamu, na yawagusa wazazi pia, ambao wengi wao huimba katika kwaya, au hutunga wenyewe, au wana watoto watungao.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba sheria hailindi wazo. Hulinda namna wazo lilivyotamkwa au lilivyoandikwa. Chukueni mfano wa Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu kweli. Aliwapa watu maji, na Wajerumani wakamnyonga mwaka ule ule. Ebrahim Hussein aliandika mchezo juu yake, nao ulipigwa chapa mwaka 1969. Je, mtu mwingine akitaka kuandika mchezo juu ya Kinjeketile, amwombe Hussein ruhusa? La, hasha. Vita, maji, Ngarambe na kamba ya Wajerumani ni mambo ya historia, nayo hayana mwenyewe. Lakini maneno ambayo Hussein aliyaweka vinywani mwa watu wake, namna alivyopanga matukio, kipi kitangulie na kipi kifuate, hayo ni jasho lake. Ukiandika Kinjeketile wako kwa kusoma historia na kwa kufikiri mwenyewe, umetunga. Ukiandika kwa kufungua kitabu cha Hussein upande huu na daftari lako upande huu, umenakili, hata kama umegeuza maneno hapa na pale.

Kadhalika mtu ye yote aweza kutunga hadithi ya mvulana maskini aliyempenda binti wa tajiri. Hadithi hiyo imesimuliwa tangu zamani na itasimuliwa hata tutakapokuwa hatupo. Jina la kitabu nalo, likiwa ni maneno mawili matatu tu, kwa kawaida halina hakimiliki. Kwa hiyo msiwe na woga wa kupita kiasi. Nimeona wanafunzi wengine wakiogopa hata kutaja jina la riwaya katika insha, kana kwamba mwenyewe atatokea na askari. Kutaja ni ruhusa. Kusifu ni ruhusa. Hata kukosoa kwa ukali ni ruhusa, ingawa ningependa adabu isisahauliwe.

Sasa nije kwa yule wa kubadili majina. Mashauri ya namna hii si ya jana. Mwaka 1897 Bram Stoker alitoa riwaya yake iitwayo Dracula, habari ya bwana mmoja mkuu anyonyaye damu za watu. Stoker alifariki mwaka 1912. Miaka kumi baadaye, mwaka 1922, kampuni moja ya Ujerumani ilitoa sinema iitwayo Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau. Hawakuomba ruhusa. Dracula wakamwita Orlok, mji wa Uingereza wakaugeuza kuwa wa Ujerumani, wakabadili na mwisho wa hadithi. Mjane wa Stoker, Bibi Florence, alipopata habari aliwashtaki. Kampuni ilikuwa imekwisha filisika, lakini shauri halikufa, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru kwamba nakala zote za sinema hiyo ziharibiwe. Nakala chache zilisalia kwa sababu zilikuwa zimekwisha sambazwa nchi nyingine, ndiyo maana hata leo watu huitazama, na mafundi wa sinema huihesabu kuwa kazi bora. Basi hapa pana mambo mawili ya kutia akilini. Kubadili majina hakukuwasaidia. Tena, uzuri wa kazi yao haukuwasaidia mahakamani. Hakimu hakuulizwa kama sinema ni nzuri.

Kugeuza riwaya kuwa mchezo ni mojawapo ya haki za mwandishi wake, sawasawa na haki ya kuipiga chapa, kuitafsiri, au kuichezesha mbele ya watu. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, yasema hivyo, na Zanzibar yenye sheria yake ya mwaka 2003 haiko mbali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 ni ya ukoo huo huo. Kwa hiyo chama cha michezo ya kuigiza kikitaka riwaya ya mwandishi aliye hai, na hasa kikitaka kuwatoza watu kiingilio Siku ya Wazazi, njia ni moja: barua kwa mchapishaji. Watu hudhani kwamba barua kama hiyo haijibiwi. Mara nyingi hujibiwa, na mwandishi hufurahi kusikia kwamba vijana wa shule fulani wanataka kuvaa mavazi ya watu wake na kusema maneno yake. Barua itaje jina la kitabu, siku ya mchezo, idadi ya watazamaji, na kama kuna kiingilio au hapana. Iandikwe mapema, si wiki moja kabla ya pazia kufunguliwa.

Wengine watasema, mbona Shakespeare tunamcheza bila barua? Jibu lipo katika miaka. Hakimiliki haidumu milele. Hapa kwetu Tanzania, na Kenya vile vile, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya wameongeza ikawa miaka 70. Muda huo ukiisha, kazi huwa mali ya watu wote, kama kisima cha kijiji. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na zaidi ya hayo siku zake sheria ya namna hii haikuwapo kabisa. Sheria ya kwanza ya Uingereza ya kumpa mtunzi haki juu ya kitabu chake ilitungwa mwaka 1710. Yeye mwenyewe aliazima bila kuona haya. Habari za Kaizari alizipata kwa Plutarch, mwandishi wa kale, katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyopigwa chapa mwaka 1579, na mahali pengine aliyachukua maneno ya North karibu kama yalivyo akayapanga yawe shairi. Angeyatia katika sanduku la gazeti hili, ningemrudishia na barua fupi.

Lakini angalieni mtego uliopo hapa, maana wengi hunaswa. Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri mchezo huo wa Kaizari kwa Kiswahili, ukatoka mwaka 1963, kisha akaupitia upya ukatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Maneno ya Shakespeare ni ya watu wote. Maneno ya Nyerere si ya watu wote, kwa sababu mfasiri ana hakimiliki juu ya tafsiri yake, na Mwalimu alifariki mwaka 1999. Hesabuni miaka 50: hata mwaka 2049. Mwanafunzi akiufungua mchezo wenyewe wa Kiingereza akautafsiri kwa akili yake, hana deni kwa mtu. Akiichukua tafsiri ya Mwalimu akaipiga chapa kama kitabu chake, ana deni. Nawaambia kweli, ningependa kuona darasa moja likijaribu kutafsiri hata ukurasa mmoja tu wa Shakespeare, ili tujue Mwalimu alifanya kazi gani usiku baada ya shughuli za serikali.

Hali ni hiyo hiyo kwa malenga wetu wa kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake hayana mwenye kuyadai. Lakini ukichukua kitabu juu yake alichokitoa Profesa Mohamed Abdulaziz mwaka 1979, maelezo yaliyomo na tafsiri za Kiingereza ni kazi ya profesa huyo. Na Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, hesabu ya miaka yake 50 ilitimia mwaka 2012. Hata hivyo kitabu chake kilichopigwa chapa juzi chaweza kuwa na dibaji mpya, au picha zilizochorwa na mtu aliye hai, na hizo zina wenyewe.

Narudi kwa kijana wa wino mwekundu. Yeye alichanganya makosa mawili ambayo watu wengi huyachanganya, hata watu wazima. Kuna kosa la kusema kazi ya mtu ni yako, na kuna kosa la kutumia kazi ya mtu bila idhini. Ni makosa mbalimbali, na mtu aweza kutenda moja bila la pili. Ukinakili shairi la Muyaka ukatia jina lako chini, hakuna mrithi wa Muyaka atakayekupeleka mahakamani kudai malipo. Lakini umesema uongo, na shule itakuadhibu kwa uongo huo. Kinyume chake, ukichukua shairi zima la mshairi aliye hai, ukalipiga chapa katika gazeti linalouzwa, ukaandika jina lake vizuri kabisa, uongo hujasema. Umemtaja mwenye ng'ombe, lakini ng'ombe umemkamua bila kumwuliza.

Je, basi haturuhusiwi hata mstari mmoja? Twaruhusiwa. Sheria yatoa nafasi ya kudondoa. Mwanafunzi anayeandika insha ya kueleza jinsi mshairi fulani anavyotumia mafumbo hana budi aonyeshe beti mbili tatu, la sivyo msomaji atajuaje? Sheria yataka mambo haya: kwamba mtunzi na kitabu chake vitajwe, kwamba udondozi uwe wa haki, na kwamba kiasi kilichochukuliwa kisizidi haja ya kazi yenyewe. Watu huniuliza, "Maneno mangapi, Mwalimu? Mia? Mia mbili?" Hakuna hesabu ya namna hiyo katika sheria yetu. Beti mbili kutoka utenzi wa beti mia tatu ni kidogo. Beti mbili kutoka shairi la beti tatu ni karibu shairi zima. Kipimo changu ni hiki: nikiyaondoa maneno yaliyoazimwa, je, insha yabaki na kitu cha kusema? Kama yabaki ganda tupu, mwandishi hakudondoa, alijaza ukurasa. Kadhalika mtu kunakili kwa matumizi yake mwenyewe nyumbani, au mwalimu kutumia sehemu ya kazi kama mfano wa kufundishia, sheria imeviruhusu kwa kiasi chake.

Na yule aliyesema shairi la intaneti halina mwenyewe, yeye nitamjibu kwa ufupi. Kila shairi lina mtunzi. Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa, bila alama, bila muhuri, bila kulipa ada. Ndivyo unavyosema Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 kama ulivyorekebishwa baadaye, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Nguo iliyoanikwa kambani nje haina jina la mwenyewe, lakini hatusemi imetupwa.

Sasa niingie katika jambo ninalolipenda zaidi, nalo ni dokezo. Mtunzi huweza kumgusa mtunzi mwenzake kwa neno moja tu, na msomaji aliyesoma akatabasamu. Chinua Achebe wa Nigeria alipotoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1958, jina lake la Kiingereza, Things Fall Apart, alilichukua katika shairi la W. B. Yeats wa Ireland lililotoka mwaka 1920. Yeats alikuwa amefariki mwaka 1939, kwa hiyo haki zake zilikuwa hai bado. Lakini maneno matatu ni maneno matatu. Yeats hakupungukiwa kitu. Tena nadhani vijana wengi wa Afrika wamelitafuta shairi lake kwa sababu ya Achebe kuliko kwa sababu nyingine yo yote. Riwaya hiyo ilipofasiriwa kwa Kiswahili iliitwa Shujaa Okonkwo, na hapo dokezo likapotea, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili hakuwa na Yeats kichwani. Sioni kwamba mfasiri alikosea. Dokezo ni mbegu. Haioti katika kila udongo.

Washairi wetu wa pwani walikwenda mbali zaidi ya dokezo. Wana bahari iitwayo takhmisi. Mshairi huchukua shairi la mwenzake, na kwa kila ubeti wa vipande viwili hutunga vipande vitatu vyake mwenyewe, hata ubeti ukawa wa mitano, wa zamani na wa sasa wamekaa mkeka mmoja. Iliyo mashuhuri ni takhmisi ya shairi la Fumo Liyongo, nayo husemwa kuwa ni kazi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule mtunzi wa Al-Inkishafi. Watu wa zamani waliona jambo hilo kuwa ni heshima kubwa kwa yule wa kwanza. Mtu hapoteza wino wake kutia takhmisi shairi baya. Na katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 Dar es Salaam, washairi walijibizana miaka mingi, huyu akitoa swali, yule akilijibu kwa vina vile vile.

Je, sheria ya leo ingesemaje juu ya takhmisi? Kujibizana hakuna ubaya, kwa kuwa vina na mizani havina hakimiliki. Ukichukua vina vya mwenzako ukavijaza maneno yako, shairi ni lako. Takhmisi ni jambo jingine, kwani shairi zima la mwanzo limo ndani yake. Ukitaka kutia takhmisi shairi la Muyaka, keti uandike, hakuna wa kukuzuia. Shairi la mshairi aliye hai ni sharti umwombe kabla hujapeleka kazi yako kupigwa chapa. Hapa nakiri kwamba sheria na desturi yetu hazikupatana sawasawa. Sheria ilizaliwa kwa wauza vitabu wa Ulaya, ambao kwao nakala ni fedha. Desturi ilizaliwa barazani, ambapo kuchukua shairi la mtu ni kumpa mkono. Lakini sioni ugumu: siku hizi mshairi ana simu. Mpigie, mwamkie kwa adabu, mwambie unataka kumtilia takhmisi. Sijui mshairi atakayechukia.

Juu ya kugeuza wimbo wa mtu kwa mzaha, kama mfanyavyo mkiimba nyimbo za redio kwa maneno ya chakula cha bweni, nchi mbalimbali zina hukumu mbalimbali. Mwaka 1994 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilisikiliza shauri la kikundi cha 2 Live Crew, kilichogeuza kwa mzaha wimbo wa Roy Orbison. Ilisema kwamba mzaha, hata ukiuzwa, waweza kuwa matumizi ya haki, ikalirudisha shauri mahakama ya chini likaangaliwe tena. Uingereza iliandika ruhusa ya mzaha katika sheria yake mwaka 2014. Msizitegemee hukumu hizo hapa kwetu. Imbeni bwenini mtakavyo, ila mkitaka kurekodi na kupeleka kwenye simu za watu wote, njoni kwanza tuzungumze.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba wanafunzi ni waazimaji tu. Sivyo. Wao pia huazimwa. Miaka michache iliyopita gazeti letu lilipiga chapa shairi la mwanafunzi wa Kidato cha Pili juu ya kuteka maji. Baadaye mama yake alilisikia likiimbwa na bendi moja katika arusi, tena likatangazwa kuwa limetungwa na kiongozi wa bendi. Mama yule alikuja shuleni na nakala ya gazeti letu mkononi. Aliniuliza, "Mwalimu, mtoto ana haki gani mbele ya watu wazima?" Nilimjibu kwamba sheria haitazami umri wa mtunzi. Shairi la mtoto wa miaka kumi na minne ni lake kama riwaya ilivyo ya mzee. Bahati nzuri gazeti lilikuwa na tarehe na jina, na lilitangulia wimbo kwa zaidi ya mwaka. Kiongozi wa bendi alipoonyeshwa hakubisha sana. Tangu siku hiyo kijana hutajwa wimbo unapoimbwa, ingawa fedha alizopewa zilitosha daftari na viatu tu, na mimi naona zilikuwa chache.

Huenda mtu akadhani shairi la maji ni jambo dogo. Nitawasimulia la mtu mzima mmoja aliyetunga wimbo mdogo vile vile. Solomon Linda alikuwa Mzulu kutoka Msinga, Natal. Alikwenda Johannesburg kutafuta kazi, akaimba na wenzake walioitwa Evening Birds, yaani Ndege wa Jioni. Mwaka 1939 waliimba katika studio ya kampuni ya Gallo wimbo uitwao Mbube, maana yake simba. Linda alifanya kazi ya kufunga sahani za santuri katika kampuni hiyo hiyo. Wimbo ulipendwa mno. Haki zake aliziuza, na bei inayosimuliwa ni shilingi kumi.

Sahani moja ilivuka bahari ikafika Marekani kwa mwimbaji Pete Seeger. Alisikiliza neno la Kizulu lisemalo "wewe ni simba", sikio lake likasikia "Wimoweh", na kwa jina hilo kikundi chake cha The Weavers kikautoa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1961 wengine wakauongezea maneno ya Kiingereza, ukawa The Lion Sleeps Tonight, ukaimbwa na The Tokens na kushika nafasi ya kwanza Marekani. Linda alifariki mwaka uliofuata, 1962, akiwa maskini. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe. Seeger alisimulia baadaye kwamba aliagiza Linda apelekewe dola 1,000. Sehemu kubwa ya mapato ilikwenda kwa watu wengine. Mwaka 1994 wimbo huo ulisikika katika sinema ya Disney ya Mfalme wa Simba. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan wa Afrika Kusini aliandika habari ndefu katika gazeti la Rolling Stone, akieleza fedha zilikwenda wapi na binti zake Linda waliishi vipi Soweto.

Ndipo mawakili wakafungua sheria ya zamani. Sheria ya Hakimiliki ya Dola ya Kiingereza ya mwaka 1911 ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba mtunzi akiuza haki zake, mauzo hayo yatakoma miaka 25 baada ya kufa kwake, na haki zitarudi kwa warithi. Kifungu hicho kiliwekwa kuwakinga watoto wa mtunzi aliyeuza kwa shida. Linda alifariki 1962. Kwa hiyo haki zilirudi mwaka 1987, miaka saba kabla ya sinema, na hakuna aliyewaambia wenyewe. Mwaka 2004 warithi waliishtaki Disney huko Pretoria. Mwezi wa Februari 2006 walipatana na kampuni ya Abilene Music, iliyokuwa ikiushika wimbo: Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza, na warithi walipwe kwa yaliyopita na yajayo. Sheria hiyo ya 1911 ndiyo iliyotumika hapa Tanganyika pia, mpaka tulipotunga yetu mwaka 1966, ambayo ilifutwa na ile ya 1999.

Kilichomdhuru Linda hakikuwa bei ya shilingi kumi peke yake. Wengi wa ng'ambo walioupokea wimbo walidhani ni wimbo wa kikabila, usio na mtunzi, ulioota porini kama uyoga. Huko nyumbani jina lake lilijulikana, njiani likaanguka. Hata Malaika, wimbo uliorekodiwa na Fadhili William na kuimbwa dunia nzima na Miriam Makeba, watu wangali wakibishana ni nani hasa aliyeutunga.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa wale watakaokusanya ngano na nyimbo za wazee wakati wa likizo kwa ajili ya toleo lijalo. Ngano ya sungura na fisi haina mtunzi ajulikanaye, nayo ni mali ya jamii. Sheria ya 1999 ina sehemu yake juu ya sanaa za jadi, na mtu anayetaka kuzitumia kwa biashara hutakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa. Gazeti la shule si biashara, basi andikeni bila hofu. Lakini kabla ya kuandika "wimbo wa kienyeji" juu ya karatasi, mwulizeni bibi au babu kwanza: wimbo huu aliutunga nani? Mara nyingine mtaambiwa, aliutunga fulani, nyumba ile pale, bado yu hai. Mkiambiwa hivyo, nendeni kwake, mpigeni hodi, mwombeni ruhusa. Kila karatasi iwe na jina la msimulizi, kijiji, na tarehe aliyosimulia. Walio na simu na warekodi sauti, baada ya kumwomba mwenyewe. Karatasi zisizo na mambo hayo matatu zitarudishwa. Zilizo nayo zitapigwa chapa na jina la mzee juu, la mwanafunzi chini.